Mama wa Pangani kwenye maji yasiyopwa

Mama yangu alizaliwa Pangani, akaolewa Pangani na mvuvi wa Pangani, na katika miaka yake 72 hajapata kuishi kando ya maji yasiyotoka na kurudi. Ndiyo maana jioni ya kwanza nilipomketisha kwenye ukuta ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, jirani na kivuko cha Kamanga, alitazama mbele kitambo bila kusema neno, kisha akaniuliza:

"Yanatoka saa ngapi?"

Nikadhani anauliza vivuko, nikaanza kumweleza habari za watu wanaovuka kwenda upande wa Sengerema. Akanikatiza. "Siulizi boti, baba. Nauliza maji. Yanakupwa saa ngapi?"

"Hayapwi, mama. Hili ni ziwa."

"Hata bamvua?"

"Hata bamvua."

Akajitanda kanga yake vizuri, akalitazama tena lile ziwa kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Basi ni maji mafu siku zote."

Msomaji wa bara aniwie radhi, maneno haya yana uzito wake. Watu wa pwani huhesabu mwezi kwa maji. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati yake zipo siku ambazo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo ndiyo maji mafu. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake wa Pangani hushuka na vijiti kwenda kuchokoa pweza. Siku za maji mafu hukaa barazani wakasuka ukili. Kwa kipimo hicho, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, lilikuwa limepewa alama ya chini kabisa na bibi mmoja mwenye kanga mbili.

Mimi ninaishi Mwanza mwaka wa 11 sasa. Kila mwaka nilimwalika, na kila mwaka alikuwa na sababu: mara mavuno ya nazi, mara harusi, mara "bara mbali, mwanangu". Safari hii alikubali kwa sababu ya mjukuu. Akapanda basi Tanga, akalala Arusha kwa binamu yake, akapita Singida na Shinyanga, akashuka stendi ya Nyegezi na kikapu cha nazi ambacho hakuruhusu mtu yeyote akiweke kwenye buti. Alikuwa amesikia kwamba Mwanza nazi hununuliwa kama dawa.

Nilijiona mwenye bahati. Wazazi wengi wanaokuja kuwatembelea watoto wao hapa huja na faili mkononi, kwa maana juu ya kilima kile kinachoonekana karibu kila pembe ya mji ipo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, na Kanda ya Ziwa yote huikimbilia. Wenyeji wakikutana na mzee mgeni humpa pole kabla ya kumpa karibu. Mama alipewa pole tatu siku ya kwanza, akazipokea zote kwa heshima, kisha akaniuliza kama sura yake imechoka kiasi hicho.

Nilikuwa nimeandaa ratiba, kama wale vijana wanaotembeza Wazungu. Siku ya kwanza mawe, ya pili kisiwa, ya tatu makumbusho, ya nne daraja, na katikati nimpitishe Rock City Mall akaone ngazi zinazopanda zenyewe. Ratiba ile haikufika mchana wa siku ya pili. Mama hatembezwi. Mama anasimama. Alisimama Mabatini kutazama nyumba zilizoshika majabali kama chaza walioshika mwamba, akauliza wajenzi walipanda na matofali kwa njia gani. Nikamwonyesha kijana aliyebeba mawili kichwani kwenye ngazi za mawe, akasema "Mungu amlipe", akamsubiri mpaka afike juu.

Mawe yenyewe yalimsumbua. Huko kwetu jiwe ni tumbawe, lina matundu, na ukilitazama unajua bahari ndiyo iliyolifanya. Haya ya Mwanza ni matale, makubwa kuliko misikiti, mengine yamebebana matatumatatu. "Nani kayapanga?" Nikamweleza nilichosoma: kwamba ni miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, kwamba maji yalipenya kwenye nyufa zake ikiwa bado chini ya udongo, yakaila pole pole pembeni, kisha udongo ukachukuliwa na mvua na yakabaki haya mabulungutu. Hakuna aliyepanga. Kilichokuwa kimezunguka ndicho kilichoondoka. Mama akatafakari. "Kwa hiyo na haya nayo yalitokana na maji," akasema, na nikaona anaanza kulihurumia ziwa.

Kitu alichokikataa moja kwa moja ni korongo. Pwani tuna kunguru, mwizi lakini mchangamfu. Huku juu ya miti ya mjini na pembeni mwa majalala husimama makorongo yenye kipara na mfuko shingoni, hayasemi, hayaogopi, kama makarani wastaafu wanaosubiri kiinua mgongo. Mama alizunguka mtaa mzima asipite chini yao.

Lakini nirudi Kamanga, kwa sababu jambo kubwa lilitokea pale pale jioni ile ya kwanza, na sikulitarajia.

Mbele yetu lilikuwa lile jiwe maarufu, lililosimama majini likibeba jingine. Lipo kwenye kadi za posta, kwenye fulana, kwenye kila tangazo la utalii wa mji huu. Mama akauliza jina lake. Nikamwambia: Jiwe la Bismarck.

"Bismarck ndiye nani?"

"Mjerumani. Chansela wao, yaani kama waziri mkuu."

"Wa lini?"

"Mpaka 1890. Aliondoka madarakani mwezi Machi."

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole chini ya kanga. Mtoto wa Pangani hasomeshwi habari za Abushiri shuleni tu, anaonyeshwa mahali. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani, watu wakakataa, na Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani. Kampuni ikashindwa. Hapo serikali ya Ujerumani ikaingia yenyewe: Bismarck akalipeleka jambo bungeni, mwanzoni mwa 1889 fedha zikapitishwa, na Hermann Wissmann akatumwa na askari wa kukodiwa. Tarehe 15 Disemba 1889 Abushiri alinyongwa, pale pale Pangani.

"Basi ndiye huyu," mama akasema.

Nimepita mbele ya jiwe lile maelfu ya mara. Nimepigwa picha nalo siku ya harusi yangu. Tarehe zote mbili nilizijua, moja nikiwa nimeiacha kwetu na nyingine nikiwa nimeikuta huku, na sikuwahi kuziweka kwenye sahani moja. Bismarck mwenyewe hakukanyaga Mwanza. Wajerumani walipoweka kituo chao hapa 1892 alikuwa ameshaondolewa cheoni. Mama hakukasirika. Aliomba tuhamie upande wa pili wa ule ukuta, ili alipe jiwe mgongo.

Kesho yake, kwa kuwa alikuwa amepata mwanya, akataka kujua Wazungu wengine. Nikampeleka kwenye mnara wa saa katikati ya mji. Karibu na hapo wenyeji huonyesha mti ambao, kwa maelezo yao, Wajerumani walinyongea watu. Mama akausomea fatiha bila kuuliza majina. Mnara wenyewe una kumbukumbu ya John Hanning Speke, kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, aliyaona maji haya. Aliyapa jina la malkia wake, Victoria. Wasukuma waliokuwa wakiyaita Nyanza hawakuulizwa, wala wale wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliomwelekeza njia.

Hapa nilikuwa na zawadi kwa mama. Kabla ya kuingia bara, mwanzoni mwa 1857, Speke na mwenzake Burton walifika Pangani. Walipanda na mto mpaka Chogwe, palipokuwa na kituo cha askari wa Sultani, na hapo wakampata askari mmoja aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, akaachwa huru bwana wake alipofariki, akarudi Unguja, akaingia jeshini. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho kilichomwezesha kusemezana na Speke, aliyekuwa afisa wa jeshi la Waingereza huko India. Burton alipobaki Tabora, Bombay ndiye aliyefuatana na Speke hadi hapa. Baadaye alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone, na akavuka bara zima na Cameron kutoka pwani yetu hadi Bahari ya Atlantiki, walikofika 1875. Alifariki 1885.

Mama akanyanyua macho kwenye mnara. "Jina lake lipo wapi?"

Halipo.

"Mtu wa Chogwe," akasema, kama anayetaja jirani. Jioni ile alipiga simu Pangani, na nilimsikia akimwambia shangazi kwamba mtu wa kwanza kutoka kwao kufika Mwanza si mwanawe.

Siku ya tatu aliniamsha alfajiri. Alitaka kuona samaki wakishuka, si wakiuzwa, na kwa mke wa mvuvi hayo ni mambo mawili. Tukaenda Mwaloni, Kirumba.

Sijui niwaelezeje Mwaloni wasiowahi kufika. Ni soko, ni gati, ni ghala, ni gulio la lugha. Magunia ya dagaa yamepangwa hadi juu ya vichwa vya watu, wapagazi wanapita wakipiga kelele ukae kando, na harufu inakushika nguoni mpaka kesho. Huko nyuma yamerundikwa makayabo, sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa, safari yao Kongo. Ukiuliza habari za mabondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, utaambiwa wanunuzi wake wapo Uchina na bei yake si ya kutaniana. Sangara mwenyewe ni mgeni kama mama. Aliletwa ziwani wakati wa ukoloni, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akala akashiba, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za furu waliokuwa wakiliwa na wazee wa hapa yalikuwa yametoweka au kubaki kidogo mno. Viwanda vya minofu vikaja, ajira zikaja, na chungu cha mwananchi kikaachiwa mapanki, yaani kichwa na mgongo.

Mama alisimama mbele ya mwanamke mmoja mwenye dagaa. Wakaamkiana; yule mama akamwita "mayu", kwa Kisukuma, na mama akaitikia "bee" kama kawaida yake. Akaokota dagaa mmoja, akamvunja, akamnusa, akamtafuna.

"Hana chumvi."

"Tunaanika juani tu, mayu. Chumvi ya nini?"

"Mnavua lini?"

"Wakati wa giza."

Pale mama akaweka kikapu chini. Wakati wa giza! Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola zinazoelea juu ya maji kama mji mwingine. Samaki huifuata nyota ya uongo. Lakini mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, dagaa hutawanyika, na wavuvi huosha nyavu wakarudi makwao kusubiri giza lingine. Ndivyo ilivyo na kwetu. Marehemu baba hakuwa akitoka na taa wakati wa mbalamwezi. Siku hizo ndizo alizokuwa akishona nyavu na kugombana na majirani.

"Kumbe mwezi wanaujua," mama akasema. Na kuanzia saa ile hakuyaita tena maji yale maji mafu.

Tulinunua sato watatu. Akawapika kwa nazi yake, jirani wakaja, na hukumu ikatolewa mezani: ana harufu ya tope kidogo, lakini nyama yake ina adabu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Baada ya Mwaloni mama alitaka kunawa miguu ziwani. Ni kitu kidogo. Kwetu mgeni akifika hushuka ufukweni, akatia miguu maji, akarudi. Nilisita, kwa sababu kando ya ziwa hili kuna kichocho na si kila mahali pa kuingiza mguu, naye akanijibu kwamba bahari haina kichocho, jambo ambalo ni kweli na halikunisaidia. Nikasema basi tutafute mahali safi, angalau aketi karibu, aguse. Tukaenda Capri Point kwa miguu.

Tulitembea karibu saa nzima. Upande mmoja mwamba, upande mwingine ukuta. Geti, ukuta, geti, michongoma, mlinzi, ukuta. Kupitia nafasi za mageti unaliona ziwa likimetameta vipande vipande, kama sinema inayokatika umeme. Mwishowe tukaingia hoteli moja. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima zake zote: "Shikamoo bibi, karibu sana, ila kukaa huku chini lazima uagize kitu." Nikaagiza soda mbili. Mama hakuigusa ya kwake. Alikaa akalitazama ziwa kwa muda wa soda moja, kisha akasema bila uchungu, kama anayesoma risiti:

"Nimenunua maji ili nione maji."

Nimelifikiria sana neno lile. Pangani haijapangwa vizuri kuliko Mwanza, wala watu wake hawana roho safi kuliko wa huku. Ila bahari ina tabia moja: mara mbili kwa siku inaondoka, inaacha nyuma kipande cha nchi kisicho na mwenyewe. Huwezi kujenga pale. Huwezi kupanda ua, saa sita baadaye umezama. Kwa hiyo watoto wanacheza mpira, wanawake wanachokoa pweza, wazee wanatembea, na hata tajiri mwenye nyumba ya ufukweni anapitiwa mbele ya baraza yake na kila mtu. Kupwa kwa maji ndiko kunakotunza haki yetu. Ziwa halitoki. Lilipoishia ndipo ukuta unapoanzia, na jiji lenye watu zaidi ya milioni 1.1 kwa sensa ya 2022, ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, limebakiwa na vijipande vya kuhesabu ambapo mtu asiye na fedha anaweza kukaa akatazama maji.

Nasema ziwa halitoki, lakini kuna mzee mmoja wa Mwaloni, fundi mitumbwi, aliyenisahihisha. Alituambia ziwa nalo hujaa na kupwa, ila saa yake ni ndefu. Akataja mvua za uhuru, nikaenda kutazama vipimo, na mzee hakukosea. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka watu wakaogopa. Mei 2020 likapita alama ya 1964, na Mei 2024 likaipita hata hiyo ya 2020, nyumba, bustani na magati ya ufukweni katika nchi zote 3 zinazopakana nalo yakaingiwa na maji. Sehemu kubwa ya maji yake hushuka kama mvua juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa huondoka kwa jua, kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi inatosha kuinua uso wake. Nilipomweleza mama, alifurahi kuliko alivyofurahia kitu chochote Mwanza. "Bamvua la miaka sitini," akasema. "Hao wenye kuta wanajua?"

Sheria inajua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa, mto au bahari. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja cha CCM Kirumba. Hebu zipime mwenyewe kwa hatua siku ukipita.

Yaliyobaki ya ratiba tuliyafanya kwa haraka. Kisiwa cha Saanane kilimpendeza kwa sababu ya pimbi na wale mijusi wa mawe wenye vichwa vyekundu, na kwa sababu ya jina. Alidhani ni saa nane ya mchana. Kumbe ni Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Kwenye boti mama alidai jaketi okozi kabla ya kukaa, akalifunga kamba zote, na akagoma boti iondoke mpaka kijana wa nanga naye avae.

Sababu yake tuliiona siku iliyofuata, tukienda Bujora. Barabara inapita Igoma, na Igoma kuna makaburi ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na kufika bandarini, na mamia ya abiria wake. Tulishuka. Mama ni mtu wa ufukwe uliopokea habari za kuzama kwa meli ya Spice Islander usiku wa Septemba 2011. Hakusema chochote, nami siwezi kuongeza.

Bujora yenyewe, pale Kisesa, ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, na kanisa lake la duara limejengwa kwa sura ya nyumba ya Kisukuma. Mama alipitia ngoma za watemi kwa utulivu. Alipochangamka ni pale kijana alipotueleza habari za Bagika na Bagalu: vyama viwili vya ngoma, kimoja cha Ngika na kingine cha Gumha, waganga na manju walioshindana kuvuta watu, na mpaka leo kila mwaka kwenye Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi, vyama hivyo hupambana na wengine huingia uwanjani na nyoka. "Kama Marini na Arinoti!" mama akamaka. Bibi yake alikuwa mwanachama wa lelemama, na beni za pwani zilikuwa na pande mbili hivyo hivyo, mume huku na shemeji kule, ng'ombe wakichinjwa kwa kukomoana. Akamfundisha yule kijana mwendo mmoja wa lelemama mbele ya ngoma za mtemi. Kijana alitupa punguzo.

Na daraja. Daraja la John Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lina urefu wa kilometa 3 na lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Ambaye hajawahi kukaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo na mgonjwa ndani ya gari hawezi kuelewa kwa nini watu walilia siku ile. Tulivuka kwa dakika chache. Upande wa pili mama akasema: "Nirudishe." Nikadhani amechoka. Kumbe alitaka kuvuka tena. Maisha yake yote amevuka mto Pangani kwenda Bweni kwa kivuko, na sasa huko nako linajengwa daraja la mita 525. Alikuwa anafanya mazoezi. Kitu pekee alichouliza ni wale waliokuwa wakiwauzia ndizi na samaki wa kukaanga abiria wa foleni, wamekwenda wapi. Dereva akajibu wengine wamehamia barabarani, wengine hakuwaona tena.

Jioni ya mwisho tulirudi Kamanga, kwenye ukuta ule ule. Palikuwa pamejaa: wanafunzi, wapenzi, mama mwenye karanga, mzee mwenye redio. Wote tumebanana pale kwa sababu hakuna pengine. Mama akageuka akalipa jiwe mgongo, akalipa ziwa uso, akakaa mpaka taa za kwanza za dagaa zikaonekana mbali.

Ombi langu ni kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Vipo vipande vya ufukwe ambavyo havijapata ukuta bado. Vipimwe hizo mita 60, viwekwe alama, vipandwe miti ya kivuli, viwekwe viti na vibao vinavyoonya palipo na kichocho. Na kama ipo bajeti ya kibao kimoja zaidi, kiwekwe pale mnara wa saa, kiandikwe Sidi Mubarak Bombay.

Mama amesema atarudi Disemba, wakati wa giza, akawaone wavuvi wakitoka. Soda hanunui.